Goti bandia: kabla ya kuuliza bei, uliza kano zipi zitabaki

Wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu kwa mazoezi baada ya kubadilishiwa goti wanajua bei ya goti lao jipya na nchi lilikotengenezwa. Ukiwauliza kano zipi zimebaki ndani yake, wananyamaza. Hakuna aliyewaambia. Nimekunja na kunyoosha magoti ya watu kwa miaka kumi na tatu sasa, na naona hilo ndilo lilipaswa kuwa swali lao la kwanza. Chuma na plastiki kazi yake ni kuteleza. Kinachozuia mguu usichomoke mahali pake unaposhuka kwenye daladala ni kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kano, sio kwa kampuni.

Goti lina kano kuu nne. Pembeni kuna mbili, ya ndani na ya nje, ambazo zinazuia goti lisipinde kwenda kando. Katikati kuna nyingine mbili zilizopishana kama herufi X, ndiyo maana zinaitwa kano za msalaba. Ya mbele ni ile wapenzi wa mpira wanayoijua kwa jina la ACL kila mchezaji anapotolewa kwa machela. Inazuia mfupa wa ugoko usiende mbele. Ya nyuma, PCL, inauzuia usirudi nyuma. Tena inafanya kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: unapokunja goti, inauongoza mfupa wa paja ubiringike kurudi nyuma kidogo kidogo, ili paja lisigongane na ugoko na goti lipate nafasi ya kukunjika zaidi. Ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, waliandika juu ya mwendo huu wa kubiringika na kuteleza mwaka 1836.

Kila anayebuni goti bandia lazima aamue: kati ya hizo nne, zipi aziache, zipi azitoe, na kazi ya zilizotolewa ampe nani.

Wa mwanzo walitoa zote. Themistocles Gluck wa Berlin, mwaka 1890, alitengeneza goti la bawaba kwa pembe za ndovu, akawawekea wagonjwa waliokuwa na kifua kikuu cha viungo. Maambukizi yakayaharibu. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alianza kutumia bawaba yake. Shida ya bawaba ni kwamba goti si mlango. Goti linakunja, linateleza na linajisokota kidogo kila hatua. Ukilinyima kujisokota, ile nguvu haipotei. Inakwenda kwenye sehemu chuma kilipochomekwa ndani ya mfupa, na mwishowe chuma kinalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Gunston kutoka Kanada, akiwa hospitali ya Wrightington nchini Uingereza alikokuwa John Charnley, mwasisi wa nyonga bandia ya kisasa, akageuza mambo: akaweka vipande vidogo vya chuma na plastiki na kuziacha kano zote. Halafu New York, mwaka 1974, likaja goti la Total Condylar lililotoa kano zote mbili za msalaba na kuziacha za pembeni. Hoja ya kundi la New York ilikuwa kwamba goti lililopinda sana haliwezi kunyooshwa vizuri ukiwa na kamba zile katikati. Mabishano hayo yapo mpaka leo, na ndiyo unayokutana nayo mezani kwa daktari wako.

CR na PS

Hizi ndizo aina mbili utakazotajiwa mara nyingi zaidi, na herufi zake utazikuta hata kwenye boksi. Zote zinatoa ACL. Tofauti ni PCL: CR inaibakiza, PS inaitoa.

Kwenye PS, katikati ya plastiki kumesimama kigingi, na kwenye kipande cha paja kuna pau inayovuka kati ya vifundo viwili, yaani zile ncha mbili za mviringo za mwisho wa paja. Goti likifika katikati ya kukunjwa, pau inakikuta kigingi na kukiegemea, paja linalazimika kurudi nyuma. Yaani kigingi na pau vinafanya kazi ya kano iliyotolewa. John Insall na Albert Burstein ndio walioleta mpango huu mwaka 1978, na ni ubunifu mzuri kweli. Ila una gharama zake. Ili pau ipate pa kukaa, daktari anakata kisanduku cha mfupa katikati ya paja, mfupa ambao ungeweza kubaki. Kigingi ni plastiki, kinaweza kulika, na mara chache kuvunjika. Na kama nafasi ya goti likiwa limekunjwa imeachwa pana mno, pau inaweza kukiruka kigingi na goti likateguka.

CR haina kigingi. Mfupa wa kati unabaki, na PCL inaendelea na kazi yake ya kuzaliwa. Lakini hapa ndipo watu wanapodanganyika na neno "kubakiza". Kano iliyobaki ikiwa imekaza mno, paja linavutwa nyuma kupita kiasi, goti linagoma kukunjika, na plastiki inaliwa upande wa nyuma. Ikiwa imelegea, paja linaserereka mbele kila unapokunja, na mgonjwa ananiambia, "Goti lipo, lakini siliamini." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, hasa kwenye ngazi. Tena kano iliyochoka inaweza kukatika miaka kadhaa baada ya upasuaji, na goti zima likalazimika kufunguliwa upya.

Kuna kosa la ubunifu linalofaa kukumbukwa hapa. Miaka ya 1970 Marekani walitumia goti lililoitwa Geomedic. Liliziacha kano za msalaba, ila plastiki yake ilichongwa kuukumbatia mviringo wa chuma kwa kubana. Kano zikataka paja libiringike nyuma, plastiki ikakataa. Vilipogombana vitu hivyo viwili, vipande vikalegea kwenye mfupa. Tangu hapo wabunifu wanajua kwamba anayebakiza kano lazima aipe plastiki uso wa wazi zaidi, na anayetoa kano lazima achonge plastiki ya kushika. Ukiona CR ina plastiki bapa kuliko PS, usidhani wamebania. Ndivyo inavyotakiwa.

Je, lipi linakunja zaidi? Bibi mmoja kutoka Tanga aliniuliza kabla hajaenda kufanyiwa: "Mwanangu, nitasujudu tena?" Nilimwambia ukweli, na nawe nakuambia. Kutembea kunataka nyuzi 60 au 70 za kukunja, kuinuka kwenye kiti kunataka zaidi kidogo ya 90, na kuchuchumaa chooni au kukaa kitako cha tahiyatu kunapita mbali huko. Magoti mengi bandia, yawe CR au PS, yanaishia kati ya nyuzi 110 na 120. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya kulinganisha kuacha na kutoa PCL, hayakukuta tofauti kubwa ya maana kwa mgonjwa, wala kwenye maumivu wala kwenye kazi za kila siku. Kwenye kukunja tofauti ilikuwa ya nyuzi mbili tatu. Kinachoamua zaidi ni goti lako lilikuwa linakunja kiasi gani kabla ya upasuaji. Ndiyo maana nawasihi watu wasisubiri goti likakamae ndipo waende. Kupiga magoti hakujakatazwa, ila wengi wanaona ngozi ya mbele imekufa ganzi na haipendi kugandamizwa. Dini inamruhusu asiyeweza kupiga magoti asali kwenye kiti.

Kwenye kudumu, daftari la taifa la viungo bandia la Australia limekuwa likionyesha kwamba PS inarudiwa kufunguliwa mara nyingi kidogo kuliko CR. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kutokana na PS kupewa magoti mabovu zaidi, kwa hiyo usiichukue kama hukumu.

Msimamo wangu ni huu. PCL ikiwa nzima na goti halijapinda sana, CR ina haki ya kwanza, kwa sababu mfupa na kano ukishavitoa havirudi. Lakini mwenye baridi yabisi ile inayovimbisha viungo vingi kwa pamoja mpaka vidole, aliyewahi kuondolewa pia ya goti, au mwenye matege makubwa ya miaka mingi, PS inamfaa zaidi. Kano yake ama imeshaliwa na ugonjwa, ama imefupika kiasi kwamba inazuia goti kunyooka. Kubakiza kano iliyokufa ni kumbakizia mtu tatizo.

Na kwa kuwa hali ya PCL hujulikana vizuri goti likishafunguliwa, muulize daktari kama vifaa vya PS vitakuwepo chumba cha upasuaji hata kama mpango ni CR. Seti nyingi za sasa zinaruhusu kubadili palepale. Sipendi kusikia mtu amebakiziwa kano mbovu kwa sababu boksi la pili halikuletwa.

Nusu goti

Kama kusagika kuko upande mmoja tu, mara nyingi wa ndani, kuna njia inayoacha kano zote nne: kubadilisha upande huo peke yake. Goti linalojulikana zaidi hapa ni la Oxford, kazi ya daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor, lililoanza kutumika mwaka 1976. Kati ya yote ninayoyalinganisha, hili ndilo ambalo ubunifu wake wote umezunguka kano. Chuma cha paja ni mviringo kamili kama sehemu ya mpira, chuma cha ugoko ni bapa, na katikati plastiki inatembea huru bila kufungwa popote. Haina kigingi wala ukuta. Inashikwa na mkazo wa kano tu.

Kwa hiyo daktari hana ruhusa ya kuilegeza kano ya ndani hata kidogo. Akiilegeza, plastiki inaweza kuchomoka. Badala ya kurekebisha kano ifuate chuma, anarekebisha mfupa ufuate kano: anapima nafasi goti likiwa limekunjwa na likiwa limenyooshwa, kisha anasaga mfupa wa paja milimita moja moja mpaka nafasi hizo mbili zilingane. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu huo ndio utaratibu ambao ningetamani kila goti lifuate.

Masharti yake ni makali. ACL lazima iwe nzima. Gegedu la upande wa pili, ule utando unaoteleza unaofunika ncha za mifupa, lazima liwe zima. Matege yawe ya kunyooka daktari akiyasukuma kwa mkono. Mwenye baridi yabisi ya viungo vingi hafai.

Faida yake inaonekana mapema: kidonda kidogo, damu kidogo, na mgonjwa anatembea akisema goti ni lake. Jaribio la TOPKAT la Uingereza, lenye wagonjwa 528 katika hospitali 27, lilitoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2019: nusu goti na goti zima vilifanana kwa maumivu na utendaji, na nusu goti likawa na gharama nafuu zaidi. Upande wa pili wa mizani, utafiti mwingine mkubwa wa mwaka huohuo, uliotokana na madaftari ya mataifa, ulikadiria kwamba magoti mazima 82 kati ya 100 yanafika miaka 25, na ya nusu 70 kati ya 100. Sehemu ya sababu ni kwamba nusu goti likiuma ni rahisi kuligeuza kuwa zima, kwa hiyo madaktari hawasiti kulifungua. Sababu nyingine ni mkono: anayefanya machache kwa mwaka hupata matokeo mabaya kuliko anayefanya mengi. Hapo usione haya. Uliza, "Daktari, nusu goti unafanya mara ngapi?"

Goti zima lenye kano zote mbili za msalaba

Liko goti zima linalobakiza ACL na PCL pamoja. Sahani yake ya ugoko, kile chuma bapa kinachokaa juu ya mfupa huo, imekatwa kama kiatu cha farasi, ili katikati kibaki kisiwa cha mfupa ambacho kano hizo mbili zimejishikiza. Charles Townley wa Marekani na Jean-Marie Cloutier wa Kanada waliyatengeneza ya namna hii tangu miaka ya 1970, na katika miaka ya karibuni kampuni kubwa zimeyarudia kwa vifaa vipya.

Kwa nadharia hili ndilo linalofanana zaidi na goti la kuzaliwa. Mwaka 2011 James Pritchett wa Marekani aliandika kuhusu watu waliowekewa aina tofauti kwenye magoti yao mawili, kila goti aina yake. Walipoulizwa wanapenda lipi, wengi walilichagua lenye kano zote mbili au lile linalozunguka upande wa ndani, ambalo nitalifikia. Huo kwangu ni ulinganisho wenye uzito, maana mwili ni mmoja na anayehukumu ni mmoja.

Ila kisiwa kile ni chembamba. Msumeno ukipita kidogo, au kano zikikaza mno, kinavunjika, nawe umepoteza kano zote mbili kwa mpigo. Kiungo chembamba cha sahani mbele ya kisiwa nacho ni sehemu dhaifu. Kwa mtu anayetafuta matibabu huku kwetu, nisingempeleka huko isipokuwa kwa daktari anayeyafanya kila mara, na hao ni wachache.

Linalozunguka upande wa ndani

Michael Freeman wa London na Vera Pinskerova wa Prague walionyesha kwamba upande wa ndani wa goti la asili hukaa karibu mahali pamoja kama mpira kwenye kikombe, na wa nje ndio unaosogea. Goti la namna hii linaiga hivyo: upande wa ndani wa plastiki ni kikombe, wa nje uko wazi. Linaweza kuwekwa PCL ikiwepo au ikitolewa, bila kigingi na bila kukata kisanduku. Kwa anayepoteza PCL lakini hataki kigingi, ni chaguo la kuuliziwa.

Msumeno una neno lake

Nimesema sana juu ya umbo la goti, lakini kano nyingi hazipotei kwa sababu ya umbo. Zinapotea kwa sekunde moja ya msumeno. PCL imejishikiza nyuma ya ugoko, chini kidogo ya mstari wa kukata. Kadiri daktari anavyokata chini zaidi na kuuinamisha msumeno nyuma zaidi, ndivyo anavyoondoka na shina la kano hiyo. Unaweza kuandikiwa CR na ukatoka bila PCL inayofanya kazi. Madaktari makini huchomeka patasi nyembamba mbele ya kano hiyo kabla ya kukata, ili kibaki kipande kidogo cha mfupa kinachoishika, na upande wa ndani wanaweka kizuizi cha chuma kati ya msumeno na kano ya pembeni. Vifaa vya bei ndogo, faida kubwa. Mkono wa roboti, kama wa Mako, unakizima kisu kinapotaka kutoka nje ya mpaka uliopangwa. Ni msaada mzuri palipo na uwezo, ila mwenye nidhamu na patasi yake hajapitwa.

Saizi nayo ni ulinzi wa kano. Sahani ya ugoko ikitokeza nje ya mfupa upande wa ndani kwa milimita 3 au zaidi, inaichokonoa kano iliyopita hapo na maumivu hayaishi. Nimekaa na mgonjwa miezi mitano tukitafuta kwa nini anaumia sehemu moja ileile, mpaka picha ya eksirei ilipotuonyesha ukingo wa chuma umetoka nje. Mtindo wenye saizi nyingi zilizokaribiana, pamoja na mapana tofauti kwa urefu uleule, una thamani kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna suala la kunyoosha. Njia ya zamani inakata mifupa ili mguu uwe mstari mmoja ulionyooka kabisa, kisha kano zinazobana zinalegezwa kwa kisu zifuate. Njia nyingine, aliyoitangaza Stephen Howell wa California, inakata mifupa kufuata umbo la mguu wa mtu kabla hajaugua, ili kano zisiguswe. Aliyezaliwa na matege kidogo anabaki na matege kidogo. Mimi naegemea njia hii ya pili kwa aliyepinda kiasi, ingawa kwa matege makubwa yanayotokana na ugonjwa daktari hataweza kuyaacha.

Kano za pembeni zikiwa zimekwisha

Hapo hakuna cha kubakiza, na lazima chuma kishike. Kano ya ndani ikiwa dhaifu, linawekwa goti la kigingi kirefu na kinene kinachozuia kupinda kando. Ikiwa haipo kabisa, tunarudi kwenye bawaba, safari hii ile inayoruhusu kuzunguka, yenye vyuma virefu ndani ya mifupa yote miwili. Linamwezesha mtu kusimama aliyekuwa hawezi, lakini nguvu yote inabebwa na chuma na saruji inayokigandisha kwenye mfupa, na likiharibika kazi ya kulitoa ni kubwa. Ndiyo sababu hili huwekwa mwisho, si kwa sababu ni la kizamani.

Yule bibi wa Tanga alipangiwa CR. Walipomfungua walikuta PCL imenyofoka nyuzinyuzi, wakamwekea PS, kwa kuwa boksi lilikuwepo. Leo anakunja nyuzi 115, anapanda ngazi kwa kupishanisha miguu, na anasali akiwa kwenye kiti. Nilimwomba jambo moja alipokuwa anaruhusiwa, nalo nakuomba na wewe: kila kipande cha goti bandia huja na stika yenye jina, aina na saizi, na moja hubandikwa kwenye faili la hospitali. Omba nakala yake, uiweke pamoja na vyeti vyako. Siku goti hilo litakapohitaji kufunguliwa tena, pengine mji mwingine na kwa daktari ambaye leo bado yuko shuleni, atataka kujua alichokiacha mwenzake ndani.